UTULIVU WA KIONGOZI KATIKA SIKU ZA FADHAA

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, nayo imechapishwa hapa kwa ombi la Wazee



Tumepewa heshima ya kusema maneno machache baada ya kusomwa hesabu ya mwaka. Desturi ya mikutano ya namna hii ni kuzungumza juu ya elimu ya watoto, au afya, au kuweka akiba. Na mambo hayo yote ni mema. Lakini mwaka huu tumeonelea tuzungumze juu ya jambo lisiloonekana katika daftari ya mweka hazina, nalo lina nguvu ya kukisimamisha Chama au kukiangusha. Jambo hilo ni utulivu wa kiongozi wakati watu waliomzunguka wameingiwa na fadhaa. Na pamoja na utulivu huo, moyo wa kuubeba wajibu wake mwenyewe bila ya kuutupa juu ya mabega ya wenziwe.

Tunaposema kiongozi, hatuna maana ya Mwenyekiti na Katibu peke yao. Baba na mama nyumbani ni viongozi. Mzee wa ukoo ni kiongozi. Mama anayekusanya michango mtaani ni kiongozi, na kijana aliyetumwa kwenda kuchukua kibali cha mazishi naye ni kiongozi kwa siku ile. Kila mmoja wetu ana mahali ambapo watu humtazama uso kwanza, kabla hawajaamua kama waogope au watulie.

Vyama kama hiki chetu vilizaliwa katika fadhaa. Watu waliotoka makwao kwenda Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu kutafuta kazi walikuwa mbali na jamaa zao. Walihofu kuugua ugenini, na zaidi ya hayo walihofu kufa ugenini wakazikwa kama watu wasio na wenyewe. Basi wakakusanyika, wakatoa senti zao, wakaapa kwamba maiti ya mwenzao itasitiriwa kwa heshima, mjane wake atashikwa mkono, na mtoto wake hataachwa njiani. Kwa hiyo kazi yetu hasa ni kukutana na watu katika siku yao mbaya. Hatuitwi usiku na mtu aliyeshiba na kulala salama. Seremala hukutana na mbao. Sisi hukutana na majonzi, madeni na hofu. Haitufai basi kulalamika kwamba kazi hii yaleta fadhaa. Swali letu ni hili: fadhaa ikitufikia, twaifanyaje?

Tuchukue mfano ambao kila mmoja wetu anaufahamu. Mwanachama amefariki usiku hospitalini. Kabla ya jua kuchomoza, simu zimelia katika nyumba arobaini. Mtu wa kwanza auliza kama fedha za sanduku na za gari zipo. Wa pili, kwa kuwa hajui jibu, asema kwamba mweka hazina hajapatikana. Wa tatu apokea habari hiyo akaitia chumvi kidogo, asema mweka hazina amezima simu yake. Ifikapo saa sita mchana, habari imekwisha geuka, yasemwa kwamba fedha zimeliwa. Jioni, jamaa za marehemu wafikapo matangani, wakuta watu wamegawanyika pande mbili wakinong'onezana, na hakuna aliyeketi na mjane. Hati ya benki haijafunguliwa na mtu hata mmoja. Na mweka hazina mwenyewe alikuwa kazini zamu ya usiku, amerudi nyumbani asubuhi akalala.

Yatazameni vizuri yaliyotendeka katika siku hiyo. Hakuna aliyekusudia kusema uongo. Kila mmoja alikuwa na mzigo wa hofu moyoni, akatafuta mahali pa kuutua, akautua juu ya mtu aliye karibu. Hofu ilikuwa ya kweli, maana kifo ni kweli na gharama zake ni kweli. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuipokea habari ile ikamkomea yeye, akasema: "Nitauliza, kisha nitawajibu saa nane." Mtu mmoja wa namna hiyo angetosha.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni madogo. Wengi wenu mnakumbuka, na vijana wamesimuliwa, kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Bibi Wambui Otieno, alitaka mumewe azikwe katika shamba lao upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga, katika Siaya. Shauri likaingia Mahakama Kuu, likapanda hata Mahakama ya Rufani, na marehemu hakuzikwa mpaka tarehe 23 Mei 1987, huko Nyalgunga, zikiwa zimepita siku 154. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Mahakama ilikwisha kusema yake, na swali la sheria na mila lililokuwamo lilikuwa swali la kweli, lenye uzito. Twataka mkumbuke jambo moja tu. Siku 154 ni muda mrefu mno kwa nyumba yenye msiba. Na mazungumzo ya jamaa yakikatika, mwisho wake watu wa mbali ndio watakaokuja kuamua juu ya kaburi lenu.

Jambo hili la hofu kuhama kutoka moyo mmoja hata moyo mwingine limechunguzwa na wataalamu pia. Huko Marekani palikuwa na daktari wa magonjwa ya akili, jina lake Murray Bowen, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 1990. Kuanzia mwaka 1954 hata mwaka 1959, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili iliyoko Bethesda, Maryland, alifanya jambo lisilokuwa desturi ya madaktari wa siku zile. Hakumlaza mgonjwa peke yake. Aliwakaribisha kwanza mama za wagonjwa, na baadaye baba na ndugu vile vile, wakakaa pamoja wodini, wakatazamwa jinsi wanavyoishi siku hata siku. Akaona kwamba fadhaa ya mmoja humwingia mwenziwe, kisha humwingia wa tatu, na mara nyingi hutua juu ya yule aliye dhaifu kuliko wote. Akaona pia jambo la kutia moyo. Mtu mmoja mwenye uzito katika jamaa akiweza kuitawala nafsi yake, akasema wazi msimamo wake bila ya kuwashambulia wenziwe wala kuwakimbia, basi wale wengine nao huanza kutulia, ijapokuwa si siku ile ile. Baadaye Bowen alifundisha mambo haya kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington.

Wazee wetu watasema, na ni haki yao kusema, kwamba haya waliyajua bila ya kwenda Marekani. Naam, ni kweli. Katika mabaraza mengi ya kwetu mzee mkuu husema mwisho. Huwaacha wenye hasira waseme mpaka pumzi ziwaishie, naye amekaa ameshika fimbo yake. Lakini kuna faida mtaalamu na mzee wakikubaliana, maana kijana asiyemsikiliza mmoja huenda akamsikiliza wa pili. Basi tuyatazame mafundisho hayo kwa utaratibu, tuone yanatufaa wapi katika kazi zetu.

La kwanza ni kutofautisha utulivu na kunyamaza. Wako viongozi wanaosifiwa kwamba ni wapole, kumbe wamejificha. Penye ugomvi hawaonekani, wakiulizwa neno, hujibu, "Mtakavyoamua ninyi." Huo sio utulivu tunaousema. Kiongozi mtulivu husema neno lake, tena huliweka wazi kuliko wote, lakini hulisema kwa nafsi yake mwenyewe. Hasemi, "Ninyi ni watu wabaya msiopenda Chama." Husema, "Mimi sitatia sahihi hundi bila ya muhtasari wa kikao. Nimefikiri hivyo, na sababu zangu ni hizi." Neno la kwanza humfanya msikilizaji atafute silaha. Neno la pili humwachia nafasi ya kufikiri, hata kama hakulipenda. Anayesema juu ya wajibu wake mwenyewe hahitaji kupiga kelele, kwa kuwa hamshurutishi mtu.

La pili ni habari ya mtu wa tatu. Jifya moja haliinjiki chungu, kama tujuavyo. Na yale mawili nayo hayatoshi, ni lazima yawe matatu. Bowen alifundisha kwamba watu nao ndivyo walivyo. Wawili wakishindwa kuivumilia fadhaa iliyo baina yao, humvuta wa tatu, ili chungu kipate kukaa. Mwanachama amekasirishwa na Katibu, lakini haendi kwa Katibu; aja kwa Mwenyekiti. Mke amekasirika na mumewe, lakini hamwambii, amweleza mwana. Mwenyekiti akisema, "Kweli, Katibu huyu ametuchosha," hupendwa jioni ile na mtu mmoja, na kumbe amekwisha kuwa jifya la tatu katika moto usio wake. Tangu siku hiyo wale wawili hawatakuwa na haja ya kusemezana. Watapikia juu yake.

Afanyeje basi? Asimfukuze mlalamikaji, maana aliyekuja ameumia kweli. Amkaribishe, amsikilize hata mwisho, kisha amwulize kwa upole, "Ndugu yangu, Katibu mwenyewe umekwisha kumwambia? Kama unaona shida kumwendea peke yako, nitaketi nanyi wawili." Kisha asilichukue neno lile akalipeleka kwingine. Hii ni kazi ngumu, Mabwana, kwa sababu kuambiwa siri huonekana kuwa ni heshima, na mtu hupenda kuwa ndiye anayejua. Lakini Mwenyekiti anayekaa karibu na pande zote mbili, asiingie upande wowote, amewapa watu wake msaada mkubwa kuliko maamuzi kumi.

La tatu huwapata hasa viongozi wema. Edwin Friedman, mwalimu wa dini ya Kiyahudi huko Marekani, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1996, aliyafuata mafundisho ya Bowen, na mwaka 1985 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba mambo yaonekanayo katika jamaa huonekana vile vile katika makanisa na masinagogi. Alifundisha kwamba kiongozi hachoshwi sana na wingi wa kazi. Huchoshwa na kuyabeba yasiyo yake, yaani kujitwisha wajibu wa watu wengine na ugomvi wa watu wengine. Tazameni katika vyama vyetu. Yuko Mwenyekiti ambaye mwanachama asipolipa mchango, yeye humlipia kutoka mfukoni mwake ili hesabu isipungue. Katibu asipoandika muhtasari, yeye huuandika. Vijana wakichelewa kupanga viti, yeye huvua koti akapanga. Twamsifu, twasema ni baba yetu. Lakini kila mwaka wanaolipa wanapungua, Katibu amesahau kuandika, na vijana hawaji kabisa. Siku baba huyo akiugua, Chama nacho huugua, maana nguvu zote alikuwa nazo yeye. Wala moyoni mwake hana amani. Amewakasirikia wale wale aliowazoeza kutofanya kitu.

Kumsaidia mwenye shida ni msingi wa Chama hiki, wala hatusemi neno la kuupunguza. Mjane asaidiwe, mgonjwa asaidiwe, aliyefukuzwa kazi aongezewe muda wa kulipa. Na hayo yafanywe kwa uamuzi wa kikao na kuandikwa. Tunalolikataza ni lile la mtu mmoja kuificha fadhaa ya watu kwa kuufanya wajibu wao kisirisiri. Mzigo wa mtu ukiuchukua bila ya yeye kujua, umemnyima na nguvu za kuubeba.

Na tuone mfano wa mtu aliyeurudisha mzigo kwa wenyewe. Matokeo ya uchaguzi wa rais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi yetu iliingia katika machafuko. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Tarehe 22 Januari 2008 Kofi Annan aliwasili Nairobi kwa niaba ya Umoja wa Afrika, pamoja na Bibi Graça Machel wa Msumbiji na Mzee Benjamin Mkapa wa Tanzania. Baada ya siku mbili, Rais Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga walipeana mikono hadharani. Na siku ile ile, kwa sababu ya maneno yaliyosemwa pale, pande mbili zikaanza kulaumiana tena. Mtu wa haraka angalisema, "Hawa hawataki amani, naondoka." Annan hakuondoka, wala hakuchagua upande. Aliyagawa mambo mafungu manne, akaanza na lile la kuzuia mauaji, kisha misaada kwa walioumia, kisha ugomvi wa madaraka, na mwisho zile sababu za zamani za ardhi, umaskini na sheria.

Wajumbe wakazungumza siku nyingi. Tarehe 26 Februari, walipokuwa wamekwama wakitoleana maneno makali, Annan aliyasimamisha mazungumzo yao. Watu wengi waliingiwa na hofu wakidhani yamekwisha. Lakini alikuwa ameupeleka mzigo mahali pake, kwa wale wakuu wawili wenyewe, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na uwezo wa kuamua. Rais Jakaya Kikwete wa Tanzania, aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika wakati huo, akaja kusaidia. Na tarehe 28 Februari 2008 mkataba ukatiwa sahihi, siku ya thelathini na nane tangu Annan kufika. Mkataba ule haukumaliza mambo yote ya nchi hii. Lakini mauaji yalikoma, watu wakapata kuvuta pumzi. Na aliyewapatanisha hakuwa na jeshi wala polisi. Alikuwa na subira, na ujuzi wa kutambua lipi ni lake na lipi ni la wengine.

Msije mkasema kwamba utulivu ni wa watu wakubwa waliosifika duniani. Twendeni Wajir. Baada ya ukame mkali mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za huko zilipigana. Watu wakauawa, mifugo ikanyang'anywa, na chuki ikaingia hata sokoni, ikawa mwanamke wa ukoo huu hapatani na mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache wa koo mbalimbali wakakutana. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964, wakati huo mwanamke kijana. Kabla ya kuanza kazi waliulizana swali zito: je, ikiwa watu wa ukoo wangu watawaua jamaa zako, utaweza kuendelea kufanya kazi ya amani pamoja nami? Asiyeweza kukubali, heri asiingie.

Lifikirini swali hilo, Wazee wetu. Hawakuulizana kama wanapenda amani, maana kila mtu hupenda amani akiwa ameketi kivulini. Waliulizana watasimama wapi siku hofu itakapokuja na damu ya jamaa zao. Wakaanza na lililo karibu, yaani soko, wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua. Kisha wakawaendea wazee wa koo, na mwaka 1993 wazee hao wakafanya mapatano yaliyoitwa Azimio la Al Fatah. Mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo ya Wajir, nayo ikaunganishwa na utawala wa wilaya. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011 baada ya ajali ya barabarani. Yeye na wenzake hawakuziacha koo zao. Walibaki mabinti wa koo zao, wakala nao, wakalia nao, lakini walikataa kuchukia kwa niaba yao.

Hapo ndipo tunapofikia jambo la nne, nalo ni kutokukimbia. Kiongozi akishambuliwa huona njia mbili tu: kupigana, au kujitenga asisemezane na watu. Wengine hujiuzulu kwa hasira. Wengine hubaki na cheo lakini hawamwamkii aliyewapinga. Ndugu hawa husema, "Nimetulia, sina neno na mtu." Lakini aliyekata mguu wa kuingia nyumbani kwa nduguye hajatulia, amebeba ugomvi mzima mfukoni. Dawa yake ni kuendelea kumtembelea, kumjulia hali mgonjwa wake, kwenda katika arusi ya binti yake, na wakati huo huo kutokubadili neno lako kwa kuogopa macho yake. Kuwa karibu na mtu bila ya kumezwa naye, na kusimama peke yako bila ya kumtupa, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

La tano tunalisema ili msije mkashtuka. Msidhani kwamba mkitulia watu watawapigia makofi. Bowen aliona kwamba mtu akianza kusimama kwa miguu yake mwenyewe, jamaa humpinga kwa hatua tatu. Kwanza humwambia amekosea. Pili humwambia arudi kama alivyokuwa. Tatu humwambia, usiporudi utaona. Mwenyekiti aliyekuwa akilipia michango ya watu, siku akiacha, ataitwa mchoyo. Mama aliyekuwa akipeleka maneno huku na huku, siku akikataa, ataambiwa ana kiburi. Wengi hurudi nyuma hapo, wakidhani kupingwa ni dalili kwamba wamepotea njia. Mara nyingi huwa ni dalili kwamba watu wameona mabadiliko. Aseme neno lake mara ya pili kwa sauti ile ile, asiongeze ukali wala asiombe radhi kwa lililo haki, kisha aendelee kuwasalimu. Upepo huo hupita. Lakini ikiwa aliyepinga ameleta sababu mpya ya kweli, hapo yampasa kiongozi asikilize na kubadili shauri. Maana anayeng'ang'ania kosa naye ameshikwa na fadhaa, ila ameivika nguo nyingine.

Sasa, Mabibi na Mabwana, haya tutayatendaje mwaka ujao? Tunaleta mashauri machache, wala si amri, mpate kuyapima.

Habari yoyote ya fedha isijibiwe kabla ya kutazamwa daftari. Mtu akipigiwa simu usiku, na ajibu, "Sijui, nitauliza," na neno "sijui" lisihesabiwe kuwa ni aibu. Mweka hazina asome hesabu kila mwezi, hata mwezi usio na mambo, maana watu waliozoea kusikia hesabu hawashtuki upesi. Kifo kikitokea, wateuliwe watu wawili tu wa kutoa habari, na wengine wote waende kuketi na wafiwa. Asitajwe mtu kwa lawama katika ujumbe wa simu unaosomwa na wengi. Mwenye neno amwendee mwenziwe uso kwa uso, akiogopa aende na mzee. Asiyelipa aitwe, aulizwe hali yake, na kikao kiamue. Asilipiwe kwa siri wala asitangazwe njiani. Na mjumbe akihisi hasira imempanda kikaoni, aombe muda wa kunyamaza kabla ya kuendelea. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na kidole hupona.

Shauri la mwisho ni la kila mtu na nafsi yake. Kabla ya kwenda katika kikao kigumu, na ajiulize maswali matatu: Katika jambo hili, ni lipi lililo wajibu wangu? Ni lipi lisilo langu, ambalo natamani kulishika kwa kuwa naogopa? Na wakinipinga leo, nitawezaje kukaa nao kesho? Atakayeweza kujibu matatu haya anaweza kuingia mkutanoni. Asiyeweza, na akae nje kidogo, anywe maji, kisha aingie.

Chama hiki kina fedha chache, na pengine zitakuwa chache siku zote. Wazee waliokianzisha hawakutuachia majumba. Walituachia ahadi kwamba mtu wetu hatakuwa peke yake katika siku yake mbaya. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa na watu wanaokimbizana wenyewe kwa wenyewe. Mjane yule tuliyemtaja, aliyeachwa ameketi peke yake matangani huku wanachama wakinong'onezana uani, hakuwa na haja ya kujua nani ameshinda mabishano. Alikuwa na haja ya mtu wa kuketi naye mkekani. Mwaka ujao, ikitokea misiba, nayo itatokea, sisi wa Halmashauri twaahidi kwamba tutaketi. Nanyi twawaomba mketi pamoja nasi.